Namna ya Kuchagua Maneno ya Mazingaombwe ya Jukwaani

Anayejifunza mazingaombwe kwa kawaida huchukua muda mrefu kuvizoeza vidole vyake, kisha siku ya onyesho hutamka neno la kwanza linalomjia kinywani, mara nyingi "abrakadabra", kwa kuwa ndilo alilolisikia kwenye katuni. Kwa kufanya hivyo anaacha bila kutumika chombo chenye nguvu kuliko fimbo na kofia. Neno la mazingaombwe lina kazi yake maalumu jukwaani, na mwongozo huu unaeleza kazi hiyo, mahali pa kuyapata maneno yanayowafaa watazamaji wa Kiswahili, na maneno ambayo mtu anayewaheshimu watazamaji wake hapaswi kuyagusa.

Kazi ya neno

Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kirefu cha kuwatetea watu waliokuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Ili kuthibitisha kwamba mengi yanayodhaniwa kuwa uchawi ni wepesi wa mikono tu, alifafanua humo jinsi wacheza kiinimacho wanavyoficha vigololi, sarafu na karata, na akataja kwamba mchezaji huhitaji pia maneno ya kusindikiza kitendo. Miongoni mwa mifano aliyotoa yamo maneno ya Kilatini "nunquam credo", yaani "siamini kamwe". Miaka sabini hivi baadaye Thomas Ady, naye akipinga mauaji hayo hayo, alimtaja mchezaji wa zama za Mfalme James aliyejiita Hocus Pocus, ambaye kila alipofanya mchezo alitamka "Hocus pocus, tontus talontus, vade celeriter jubeo". Ady hakuona siri yoyote katika maneno hayo. Alieleza kwamba yalikuwa ya kuyapumbaza macho ya watazamaji ili hila ipite bila kugunduliwa.

Maelezo hayo ya Ady yangali ya kweli hadi leo, ila yanahitaji kufafanuliwa kwa vitendo, maana wengi huyaelewa kinyume. Hudhani kwamba neno hutamkwa wakati hila inapofanyika, ili sauti iufunike mkono. Ukweli ni kwamba neno huwaamsha watu. Mtu akisikia neno la ajabu hukodoa macho, kwa hiyo ukilitamka wakati mkono wako unafanya kazi ya siri, umewaalika watu mia mbili waukague mkono huo.

Chukua mchezo wa sarafu. Sarafu ya shilingi mia mbili iko mkono wa kulia, nawe unajifanya kuihamishia mkono wa kushoto huku kwa kweli imebaki kwenye kiganja cha kulia. Tendo hilo lifanywe bila neno lolote la ajabu, katikati ya mazungumzo ya kawaida, kwa mfano unapomwuliza kijana aliyekaa mbele kama sarafu kama hiyo itamtosha nauli. Mkono wa kushoto ukishafumba, uinue polepole na uutazame wewe mwenyewe, kwa sababu watu hutazama unakotazama. Mkono wa kulia ushuke ukiwa umelegea. Nyamaza kwa muda wa pumzi moja. Sasa ndipo utamke neno, kisha ufumbue vidole kimoja kimoja. Kwa mtazamaji, sarafu imetoweka neno lilipotamkwa, na akirudi nyumbani akijaribu kukumbuka, atakuwa akiipekua dakika isiyo na kitu ndani yake. Neno limehamisha tukio kutoka wakati lilipofanyika hadi wakati uliotaka wewe lionekane limefanyika.

Kutokana na hilo tunapata kipimo cha kwanza cha uchaguzi, nacho ni urefu. Mchezo ambao siri yake imekwisha kabla ya kilele unataka neno fupi, la silabi mbili au tatu, linaloanguka kama kofi. Mchezo ambao bado una jambo la kukamilishwa, kama vile msaidizi kujipanga ndani ya sanduku au wewe kuingiza mkono mfukoni kuchukua fimbo, unahitaji kauli ndefu yenye mapigo, ambayo watazamaji wanaweza kuitikia. Kabla ya kutafuta neno, pima kwanza mchezo wako unahitaji pumzi ngapi.

Kipimo cha pili ni maana. Neno au kauli unayoitamka ndiyo inayomweleza mtazamaji ni jambo gani limetokea. Mwaka 1856 Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin alitumwa na serikali yake kwenda Algeria kufanya maonyesho, na mojawapo ya michezo yake ilikuwa kisanduku kilichoshikiliwa na sumaku ya umeme iliyofichwa jukwaani. Angeweza kutangaza kwamba kisanduku kitakuwa kizito. Badala yake alimwambia mtu mwenye nguvu aliyejitokeza kwamba atamnyang'anya nguvu zake. Kifaa kilikuwa kile kile, lakini maneno yaliligeuza fumbo la kisanduku likawa hofu ya mtu juu ya mwili wake mwenyewe, na hofu hiyo ndiyo iliyotakiwa, kwa kuwa lengo la safari lilikuwa kuwaonyesha Waalgeria kwamba Wafaransa wana uwezo kuliko viongozi wao wa kidini. Ninaueleza mfano huu kwa sababu unaonyesha uzito wa maneno, wala sishauri mtu aufuate.

Maneno yaliyomo tayari katika Kiswahili

Wanamazingaombwe wetu wengi huazima maneno ya Ulaya wakati lugha yao imejaa hazina. Kiswahili kina tanakali za sauti, na kila anayezungumza lugha hii anazijua tangu utotoni: cheupe pe, cheusi tii, giza totoro, kukatika kacha, kutumbukia chubwi, kukauka kau, kujaa pomoni. Zina sifa zote za neno la jukwaani. Ni fupi, zinasikika hadi nyuma ya ukumbi, na zina maana ya ukamilifu, kwamba jambo limefika mwisho wake.

Sifa yao kubwa zaidi ni kwamba watazamaji wanaweza kuzimalizia bila kufundishwa. Umimine maji kwenye kikombe mbele ya watoto wa darasa la tatu, ukiinue juu ya kichwa chako, useme taratibu, "Maji haya yamekauka…", na ukumbi wote utaitikia "Kau!" Hukuwafunza neno hilo, na hukuwaomba walirudie mara tatu kama afanyavyo mwenye kutumia neno la kigeni. Wao ndio waliolitamka, kwa hiyo wao ndio walioyakausha maji, na mtoto hufurahia muujiza alioufanya mwenyewe kuliko ule aliofanyiwa. Vivyo hivyo kitambaa chekundu kinachogeuka cheupe hutaka "pe", na kamba iliyokatwa hutaka "kacha" inapokatwa. Inapounganika tena nashauri usiseme lolote, kwa sababu watu wameshasikia kukatika kwake na macho yatatosha.

Hazina ya pili ni mianzo ya hadithi na vitendawili. "Paukwa!" huitikiwa "Pakawa!" na "Kitendawili!" huitikiwa "Tega!" Faida yake ni kwamba mianzo hiyo hutangaza mchezo. Anayeisikia anajua kwamba yanayofuata ni ya kustaajabisha na kufurahisha, na kwamba si lazima ayaamini. Hadithi zenyewe huanza kwa kukiri hivyo, pale watu wanapoitikia, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Sijui kauli nyingine inayomfaa mwanamazingaombwe kuliko hiyo.

Mianzo hiyo inaingia pia katika ufundi wenyewe wa karata, na hapa nitaeleza mchezo mmoja kwa ukamilifu, kwa kuwa siri yake imekuwa mikononi mwa watu wengi kwa miaka mingi. Hesabu karata 21. Mtazamaji achague moja moyoni. Zigawe zikiwa wazi katika mafungu matatu ya karata saba saba, ukiweka moja moja kwa zamu, fungu la kwanza, la pili, la tatu, kisha unarudia. Mwulize karata yake imo katika fungu gani, uyakusanye mafungu huku ukiliweka alilolitaja katikati ya mengine mawili. Fanya hivyo mara tatu. Baada ya mara ya tatu karata yake itakuwa ya 11, iwe unahesabu kutoka juu au kutoka chini. Wazungu huumaliza mchezo huu kwa kuitaja "abracadabra" herufi kwa herufi, wakitoa karata moja kwa kila herufi, kwa sababu neno hilo lina herufi 11. Sasa hesabu herufi za "kitendawili". Nazo ni 11.

Kwa hiyo unaweza kuwaambia watu, "Kitendawili!", wakaitikia "Tega!", nawe ukatega kwa mkono: k, i, t, e, n, d, a, w, i, l, i, ukitoa karata moja kwa kila herufi, na ile ya mwisho ukaigeuza ikawa ndiyo. Kama watazamaji ni wadogo ambao bado hawajajua kusoma, hesabu silabi badala ya herufi: ha-di-thi, ha-di-thi, ha-di-thi, njo-o. Ni silabi 11 kamili, na njoo yenyewe ndiyo inayoiita karata itoke. Zoeza mchezo huu polepole mpaka mkono na mdomo viende pamoja, maana herufi moja ikirukwa karata inayotoka si yenyewe.

Kwa watu wazima wa vijiweni, wanaocheza karata kila jioni, majina ya karata zenyewe hutosha: "Shupaza, kopa, uru, pau!" Yana mapigo manne, na yanawafikia wachezaji kwa sababu ni maneno ya mezani kwao.

Maneno ya kigeni

Sisemi maneno ya kigeni yatupwe. Abrakadabra lina historia ndefu kuliko michezo ya jukwaani. Mwandishi wa tiba wa Kirumi, Quintus Serenus Sammonicus, aliagiza mgonjwa wa homa aliandike neno hilo mstari chini ya mstari, kila mstari ukipungua herufi moja mpaka ibaki moja tu, kisha alivae shingoni kama hirizi. "Sim sala bim" lilienezwa na mwanamazingaombwe Dante, jina la jukwaani la Harry August Jansen, mzaliwa wa Denmark, aliyelitoa katika wimbo wa watoto wa nchi hiyo na kuliita onyesho lake jina hilo. Wachezaji wa Misri waliopanda kwenye meli zilizopita mfereji wa Suez walijulikana kwa kauli yao "gali gali gali", wakiitamka huku vifaranga vya kuku vikitokea chini ya vikombe.

Angalia walichofanya Dante na wale Wamisri. Kila mmoja alichukua sauti ya kwao, akaitumia kila siku mpaka ikawa alama yake. Ukitaka kutumia abrakadabra, litumie kwa namna itakayokuwa yako, la sivyo liache kwa sababu mtazamaji amelisikia mno na halimwamshi tena.

Maneno ya kuepuka

Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi. Katika nchi zetu zipo jamii ambamo tuhuma ya uchawi humwua mtu. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani ya ndumba. Mwanamazingaombwe anayepanda jukwaani na kunena kama mganga anayepunga pepo, au kuapiza kana kwamba anamroga mtu, anawathibitishia baadhi ya watazamaji wake kwamba mambo hayo yapo, tena wameyaona kwa macho yao. Scot na Ady waliandika ili kuupunguza moto huo. Si haki sisi kuuchochea.

Usitumie, basi, maneno ya uganguzi ya kabila lolote, wala majina ya pepo na mizimu, wala kauli ya kumtishia mtazamaji kwamba utamchukulia kitu cha mwili wake, hata kwa utani. Michezo ya kumnyima mtu nguvu au sauti yake huwachekesha wachache na kuwatia wengine hofu wasiyoisema. Sheria nayo haiko mbali. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inamhesabia kosa anayejidai kuwa na nguvu za kichawi kwa namna ya kutia watu hofu au madhara, na ile ya Tanzania ya mwaka 1928 inamgusa anayejionyesha kwa maneno au vitendo kuwa ana uwezo wa uchawi. Mwanamazingaombwe anayetangaza mwanzoni kwamba anayoyafanya ni mchezo wa mikono na macho amejiweka mbali na hayo yote, na kwa uzoefu wa wengi tangazo hilo halipunguzi mshangao hata kidogo.

Maneno ya ibada yasiguswe kabisa. Mchezaji asiseme "Bismillahi" wala "Amina" ili sarafu itoweke, na asibuni maneno yanayofanana na Kiarabu kwa kuwa tu yanasikika mazito. Kuna jambo jingine ambalo wageni wa pwani hawalijui: kupuliza fundo. Katika michezo ya kamba ni desturi ya wachezaji wengi kulipulizia fundo ili lifunguke. Muislamu aliyeketi ukumbini Tanga, Lamu au Unguja amehifadhi tangu chuoni sura ya Al-Falaq, ambamo huomba kinga dhidi ya shari ya wanaopulizia mafundoni. Kwake pumzi hiyo moja si mchezo tena. Likung'ute fundo, au mpe mtoto alivute, na mchezo utakuwa umesalimika.

Kuiga lugha za watu kwa sauti zisizo na maana, ukijifanya Mmasai, Mhindi au Mchina, ni tabia inayostahili kuachwa. Mmarekani William Robinson alijifanya Mchina kwa miaka mingi kwa jina la Chung Ling Soo, akiwa hatamki Kiingereza jukwaani, mpaka usiku wa Machi 1918 mjini London alipopigwa risasi katika mchezo wa kudaka risasi uliokwenda kombo, ndipo alipolia kwa Kiingereza kuomba pazia lishushwe. Ufundi wake ulikuwa mkubwa na haukuhitaji uongo huo.

Kulijaribu neno

Ukishapata neno, lijaribu mahali linapokwenda kutumika. Katika uwanja wa shule usio na kipaza sauti, irabu ndizo zinazosafiri, hasa a na o, kwa hiyo neno linaloishia na "a" linaweza kuvutwa na likafika kwenye safu ya mwisho, wakati lile linaloishia na "i" huishia katikati. Penye kipaza sauti tatizo huwa p na b, ambazo hulipuka na kuwaumiza watu masikio. Geuza mdomo pembeni kidogo unaposema "pe", au ushushe kipaza sauti chini ya kidevu. Lirekodi kwenye simu ukiwa umesimama mbali nayo hatua kumi na tano, usikilize kama linaeleweka.

Usitumie neno moja kwa kila mchezo katika onyesho moja. Napendekeza kauli moja ya kuitikiana ambayo ni alama yako, itumike mwanzoni na katika mchezo mkubwa, na michezo mingine ipewe tanakali zake au ukimya. Kwa watoto, neno likataliwe mara ya kwanza. Walitamke kwa sauti ndogo, ufumbue kiganja sarafu ikiwa bado ipo, uwaambie haikusikia, kisha walitamke kwa nguvu. Tendo la siri lifanyike baina ya mara hizo mbili, wakati wanapovuta pumzi na kucheka, maana hapo ndipo macho yao yanapokuwa yamelegea kuliko wakati mwingine wowote.

Mchezo ukiharibika baada ya neno kutamkwa, usilirudie neno hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi kama kwamba umelipanga hivyo, isipokuwa kweli umelipanga. Sema waziwazi kwamba umekwama, weka kifaa mezani, uingie mchezo mwingine wenye neno jingine. Lile la kwanza liache lipumzike mpaka mwisho wa onyesho, kwa sababu watazamaji wakilisikia tena watakuwa wanasubiri kosa, wakitazama mikono yako badala ya uso wako.